Huna Mbovu, Huna Neno

Kabla siagi ya karanga ya Mama Chupa haijaingia supamaketi, ilitengenezwa sebuleni kwake. Kama ulitaka kujua nani kaposwa, nani kaachwa na nani kahama bila kumuaga mwenye nyumba, hapo ndipo pa kwenda. Kibanda changu cha kushona kilikuwa ng'ambo ya barabara, lakini wateja wangu walishajua. Hawakupoteza muda kubisha kibandani. Walivuka moja kwa moja wakaniita kupitia dirisha la Mama Chupa: "Fundi, gauni langu!" Nami nikajibu karanga zikiwa kiganjani, "Kesho, mpenzi, limebaki vifungo tu." Vifungo vyenyewe nilikuwa sijavinunua, na kitambaa sijakikata.

Jina la Mama Chupa tulimpa kwa ajili ya chupa tupu. Hakuna nyumba aliyoingia akatoka bila kuuliza, "Ile chupa yenu ya jamu bado haijaisha?" Hata msibani aliwahi kuuliza, ila kwa sauti ya chini. Alizichemsha, akazianika uani kichwa chini, akazijaza siagi na kuiuza. Mwenzake kazini alikuwa dada wa mumewe. Mama Chupa alimwita wifi kwa haki. Sisi wengine tulimwita Wifi kwa kudandia, wake kwa waume. Hata muuza mkaa wa pale kona, mtu na wajukuu zake, alimwita Wifi. Mkewe alipomuuliza, "Wifi kwa nani, wewe mwanamume?" akajikuna kichwa mpaka leo.

Wifi alikuwa na sauti ya kurudisha basi lililokwisha kuondoka. Yeye ndiye aliyekaanga, Mama Chupa akasaga. Ila kazi iliyokula muda kuliko zote ilikuwa kuchambua, na hiyo ilikuwa yetu sisi majirani.

Karanga zinapotoka kwenye gunia huja na ndugu zao wasiofaa: iliyosinyaa, iliyotobolewa na mdudu, iliyogeuka rangi, iliyoota ukungu kwenye ncha. Watu husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Karanga ni mbaya zaidi, maana samaki utamnusa. Karanga mbovu ikishasagwa inajificha ndani ya nzuri, na utaijua imekwisha kukupita kooni.

Basi katikati ya sebule paliwekwa sinia kubwa, sisi tukiwa mkekani tumelizunguka, na kando yake kopo tupu la maziwa ya unga. Hakuna aliyelipwa. Mwisho wa wiki ulipewa chupa yako ya siagi ukaenda nayo nyumbani. Kulikuwa na sheria moja tu, na aliyeitunga ni Wifi.

Sheria ilianza kwa mzaha. Bi Taarifa, jirani wa nyumba ya nyuma, alikuwa akianza kusema hakuna wa kumzima. Siku hiyo Wifi akamwinulia kiganja. "Ewe redio, leo unalipia hewani. Nionyeshe mbovu moja, nikupe nafasi useme. Huna mbovu, huna neno."

Bi Taarifa akainama. Akachakura, akaipata, akaitupa kwenye kopo. Ting! Tukamsikiliza. Akamaliza, mwingine naye akataka kujibu, akaambiwa na yeye atafute yake. Tangu hapo ikawa ndiyo sheria ya nyumba, na mgeni alifundishwa mlangoni kabla hajavua viatu.

Sikiliza nikwambie: hakuna macho makali kama ya mtu aliyebeba umbeya. Namkumbuka Bi Taarifa alivyoingia mchana mmoja anahema, kanga imemvuka bega, habari imemjaa mpaka masikioni. Akanawa mikono nusu nusu, Wifi akamrudisha akanawe vizuri. Akaketi, akaanza kupekua.

"Jamani, leo humu hakuna mbovu?"

"Zimo," Wifi akasema. "Tafuta."

"Wifi, nitakufa nalo hili!"

"Kufa. Tutakuzika na siri yako, na matanga tutakula."

Muuza mkaa, mwanamume pekee aliyeruhusiwa mkekani, tena kwa sharti la kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni, naye akatafuta kwa bidii. Alihisi habari yenyewe inamhusu shemeji yake, akataka awahi kusema upande wake. Vichwa viwili juu ya sinia, kama kuku na jogoo. Bi Taarifa akainua moja. "Hii hapa!"

Wifi ndiye aliyekuwa hakimu. Akaichukua, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza. "Hii si mbovu. Hii ina alama ya kuzaliwa. Rudisha."

"Wifi unanionea!"

"Rudisha, mama. Usiisingizie karanga ya watu."

Tulicheka mpaka Mama Chupa akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, akaambiwa hata yeye atoe mbovu kwanza. Akatoa. Nyumba yake, sinia lake, na bado akatoa.

Ndivyo siagi ile ilivyokuwa. Wanunuzi walibishana kuhusu siri yake. Mmoja alisema ni chumvi, mwingine akasema ni namna ya kukaanga, mwingine akaapa kuna dawa. Sisi tulinyamaza tukijiona wakubwa, ingawa na sisi siri hatukuijua. Tulidhani tunapiga soga, na mikono inafanya kazi tu kwa kuwa haina pa kukaa.

Chema chajiuza. Chupa moja ilifika nyumbani kwa mnunuzi wa supamaketi, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akaja mwenyewe. Akaonja kwa kijiko, akafumba macho kidogo, akasema anaitaka kwenye maduka yao yote. Vigelegele vilivyopigwa pale, hata aliyekuwa sokoni alijua kwa Mama Chupa kuna jambo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mgeni ana macho. Akatutazama pale mkekani: miguu tumeinyoosha, muuza mkaa na fulana yake ya kazi, Bi Taarifa akicheka kinywa wazi juu ya sinia. Akasema kwa adabu kabisa, "Mama, siagi ni nzuri mno. Ila mahali pa kazi inabidi pawe pasafi. Meza, kofia, aproni, maji ya bomba. Ndivyo tunavyotakiwa na sisi."

Hakusema zaidi ya hapo, nami nilikuwepo. Lakini nilimwona Mama Chupa alivyotutazama baada ya yule kijana kuondoka. Alituona kwa macho ya mgeni. Mtu akishakutazama hivyo mara moja, hata ukijifunika shuka yeye anaona matobo tu.

Wifi hakukataa biashara kukua. Hilo nalisema kwa sababu baadaye watu walimsingizia. "Tuhame, wifi yangu," alisema. "Meza nzuri, mgongo wangu utapumzika. Kofia pia sawa, ingawa sijui kama wanashona ya kichwa hiki. Ila kopo linahama na sisi."

"Wifi, kule ni kiwanda. Si baraza."

"Kiwandani watu hawana midomo?"

Mama Chupa akacheka. Wifi akadhani mwenzake ameelewa.

Wakapangisha ghala nyuma ya gereji, likapakwa chokaa, likafungwa mabomba na meza za bati jeupe. Mimi nilipewa kushona aproni, na kwa mara ya kwanza maishani nilimaliza kazi siku niliyoahidi. Sisi wa mkekani hatukuchukuliwa. Wanawake wengine waliajiriwa, na kila mmoja alilipwa kwa ndoo: ukijaza ndoo ya karanga zilizochambuliwa, unahesabiwa. Ukutani, kwa rangi nyekundu, Mama Chupa aliagiza paandikwe: KUZUNGUMZA NI MARUFUKU.

Nilikuwa pale nikipima aproni ya mwisho siku Wifi alipoliona tangazo. Alicheka akafuta machozi. "Nani kaandika hiki kichekesho?"

"Mimi," Mama Chupa akasema.

Wifi akageuka. Akawatazama wale wanawake mezani, vichwa chini, mikono inakwenda kama mvua ya mawe. Ghala zima lilikuwa na mlio mmoja tu, wa karanga kuanguka kwenye ndoo. Akaenda mpaka kwenye ndoo moja, akatia mkono, akatoa karanga, akapepeta kiganjani. Akarudi.

"Wifi, hebu nisikilize. Kule nyumbani mtu akiona mbovu anafurahi, maana amepata neno. Hapa akiiona inamtia hasara, maana ndoo inachelewa kujaa. Nani atazitoa?"

"Wamefundishwa kuzitoa."

"Kufundishwa na kutaka ni ndugu wasiosalimiana. Weka kopo. Waache waseme. Kofia wavae, mdomo wafunike hata kwa kitambaa, lakini waseme."

"Mnunuzi akija akute watu wanacheka hovyo kama vilabuni? Nimeaibika mara moja, inatosha."

"Nani alikuaibisha? Sisi?"

Mambo yangeishia hapo, yangeponyeka. Lakini wanawake walikuwa wameacha kuchambua, wanatazama, na Mama Chupa akaona ukubwa wake unapimwa mbele ya watu. Akasema, na sauti yake ikagonga bati la paa:

"Wifi, shida yako wewe ni umbeya tu! Ukinyimwa umbeya, huna kazi!"

Wifi akainua mikono kichwani. Akavua ile kofia iliyokuwa imembana. Akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni. "Wifi, ngoja," nikasema. Akanipungia mkono bila kugeuka.

Akaajiriwa mkaangaji mwingine, mtu makini, sina neno baya juu yake. Siagi ikaenda supamaketi na karatasi nzuri yenye picha ya karanga inayotabasamu. Mama Chupa akanunua makochi mapya, sebule ikapendeza, mlango ukafungwa. Wifi akaanza kuuza vitunguu mbele ya chumba chake, mitaa miwili kutoka kwetu. Sisi tukatawanyika. Mimi nikawa namaliza nguo za watu kwa wakati mpaka wakaingiwa na wasiwasi, mmoja akaniuliza kama naumwa. Bi Taarifa alikuja kibandani mara chache, lakini habari ya kusimuliwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja, mashine ikikata maneno katikati, haina chumvi.

Sasa siagi na sisi tuliinunua dukani kama wengine. Siku moja mume wangu alipaka kwenye mkate, akatafuna, akasita. "Hii umeiunguza?"

"Siagi ya chupa naiunguzaje mimi?"

Nikaonja. Mwanzoni ilikuwa tamu, ile ile. Nikameza, ndipo uchungu ukaja nyuma ya ulimi, mdogo, kama neno baya lililosemwa na mtu anayeondoka. Nikafunika chupa. Sikumwambia mtu. Kesho yake Bi Taarifa akaja kibandani, akavuta kigoda karibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaongea kwa kunong'ona. "Fundi, ile siagi. Umeionja?" Tukatazamana. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kuleta, na hakuna kati yetu aliyeifurahia.

Katoni zikaanza kurudi. Yule kijana wa shati la mikunjo alikuja nazo mwenyewe, akafungua chupa moja, akampa Mama Chupa kijiko. "Onja, mama." Akaonja. Akafungua nyingine, akaonja. Yaliyofuata nimeyasikia kutoka kwa Mama Chupa mwenyewe, maana alikuja kibandani kunieleza huku amesimama, hataki hata kiti. Aliiendea ndoo iliyokuwa imejaa tayari kukaangwa, akaimwaga mezani, akachambua peke yake mbele ya wote. Akatoa mbovu. Akatoa nyingine. Wala hakuhitaji kutafuta. Akamwita mwenye ndoo, mama wa makamo, mchapakazi kuliko wote.

"Hii hukuiona?"

Yule mama akalitazama lile tangazo ukutani, kisha akamtazama yeye. "Niliiona."

"Kwa nini hukuitoa?"

"Ndoo, mama," akasema. Hakusema zaidi. Ilikuwa marufuku.

Mama Chupa akaagiza tangazo lifutwe siku ile ile. Malipo ya ndoo akayaondoa, akawalipa kwa siku. Akaweka kopo kila meza, akawaeleza sheria, mbovu moja neno moja, akapiga makofi. "Haya, semeni!" Wakatazamana. Mmoja akatupa karanga kwenye kopo kwa utiifu. "Sema sasa," Mama Chupa akamhimiza. Yule akauliza, "Niseme nini, mama?" Walikuwa wageni wao kwa wao. Walikaa meza moja tangu ghala lifunguliwe na hakuna aliyejua mwenzake ana watoto wangapi.

"Umbeya hauagizwi kama gunia," nikamwambia alipofika hapo.

"Najua," akasema. "Vua tepu shingoni, Fundi. Nisindikize kwa Wifi."

Alikuwa amekuja amejiandaa. Lile sinia la zamani, karanga zikiwa zimefunikwa kitambaa, na juu yake kopo lile lile la maziwa, limeanza kutu ukingoni. Alilibeba mwenyewe. Nilipotaka kumpokea alikataa.

Tulimkuta Wifi ameketi mlangoni mwa chumba chake, anamenya maganda makavu ya vitunguu. Akatuona kutoka mbali. Hakuinuka, wala hakutukimbia.

"Karibuni," akasema. "Karibu, mama."

Mama. Kama anavyomwita mteja yeyote anayeuliza bei ya vitunguu. Niliona neno hilo linavyomwingia Mama Chupa. Tulikwisha kumsikia akiitwa mengi mdomoni mwa Wifi, mwizi wa chupa, mke wa ndugu yangu asiyejua kupika, lakini mwisho wa yote kulikuwa na wifi yangu. Leo hakuna.

Wifi akatoa mkeka ndani, akautandika, maana mgeni ni mgeni. Mama Chupa akaweka sinia katikati na kopo kando. Tukanawa mikono kwenye beseni. Tukaketi watatu, tukaanza kuchambua, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepata.

Wa kwanza alikuwa Mama Chupa. Akaiinua karanga, akamwonyesha Wifi, kama zamani, aihukumu. Wifi akaitazama, akaitikia kwa kichwa. Ting.

"Nilikosea," Mama Chupa akasema. "Niliwaonea aibu watu walionijenga. Na lile neno nililokwambia mbele ya wageni, nikilala naliona, nikiamka naliona. Wifi yangu, nisamehe."

Karanga ziliendelea kusogea chini ya viganja vya Wifi. Akainua moja, akaitupa. Ting. Tukaacha kuchambua, tukamtazama. Alikuwa na haki ya kusema.

Hakusema. Akaendelea. Akaipata nyingine, ting, na nyingine. Alikuwa na macho yale yale, hata zile zilizojikunja chini kabisa ya sinia alizitoa. Kila mlio ulipopiga, Mama Chupa aliinua uso, na kila mara Wifi alikuwa ameshainamia karanga tena. Mimi nilitamani kusema kitu, chochote, hata mzaha wa kijinga. Nilipekua upande wangu kama kichaa. Sikupata hata moja. Mimi, niliyekula maneno pale mkekani miaka yote, nikakaa mdomo nimeubana.

Mteja akaja, akataka vitunguu. Wifi akamhudumia, akacheka naye kidogo kwa sauti yake ile ile, akarudi kwenye sinia, akainamia karanga.

Jua lilipofika kizingitini, sinia lilikuwa safi. Wifi akapitisha kiganja juu ya karanga mara ya mwisho, akazifunika kitambaa, akalisogeza sinia mbele ya Mama Chupa. Kopo, lililokuwa limejaa hadi nusu, akalivuta upande wake, akaliweka nyuma ya mguu wake.

"Mtafika salama," akasema.

Tukaondoka. Mama Chupa alibeba sinia, nami nikatembea kando yake bila tepu shingoni, nikijiona kama nimesahau nguo. Tulipopita gereji, mbele ya ghala, akauliza, kana kwamba hakuwepo:

"Amesema nini?"

"Hajasema."

"Lakini mbovu ametoa."

"Ametoa nyingi. Karibu zote ni zake."

Akatembea kidogo. "Basi maneno anayo," akasema. "Hajayatumia tu." Kisha akahamishia sinia bega la pili, kwa uangalifu, zile karanga safi zisimwagike.